Namna ya Kumfukuza Mgeni kwa Muziki

Tovuti ya kwaya imekamilika, picha za sare mpya zimepangwa, sasa mnataka isikike. Fuata maelekezo haya na hakuna mgeni atakayerudi mara ya pili.

Anza na faili la WAV lilelile alilokupa fundi wa studio. Usiliguse. Dakika moja ya WAV yenye ubora wa CD ni karibu MB 10, kwa hiyo wimbo wa dakika 5 utakula MB 50 za bando la mama aliyeingia kuangalia ibada inaanza saa ngapi. Watakuja wajuaji wakwambie uligeuze liwe MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, lishuke hadi kama MB 1 kwa dakika, na kwamba mahubiri, maadamu anasema mtu mmoja, yanatosha kwa nusu ya hapo. Achana nao. Wewe uko kwenye Wi-Fi ya ofisi na kwako limefunguka fasta.

Kisha hakikisha wimbo unaanza wenyewe. Miaka ya 1990, enzi za Internet Explorer, mambo yalikuwa matamu: unaandika bgsound, ukurasa ukifunguka tu kinanda cha MIDI kinalia, na pa kukizima hapaonekani. Chrome ndiyo iliyotia mchanga kitumbua. Tangu toleo la 66, mwaka 2018, kwa kawaida inazuia sauti isiyoombwa mpaka mgeni aguse ukurasa. Wewe andika autoplay hivyohivyo. Isipolia, mlaumu fundi. Ikilia, yuko mgeni mmoja utakayempata barabara: asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Soprano zako zitaimba juu ya msomaji huyo, na kitufe cha kuzizima hatakipata, kwa sababu anayemwelekeza kilipo ndiye mliyemfunika.

Kitufe chenyewe, kwanza, cha nini? Huletwa na neno controls ndani ya tagi ya audio, lifute. Futa na preload="none", linalokiambia kivinjari kisipakue wimbo mpaka mtu abonyeze.

Faili lipe jina la "Wimbo Mpya FINAL (2).MP3", kwenye ukurasa uandike .mp3. Kwenye Windows yako litacheza bila shida. Seva nyingi ni za Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti. Ukitaka uhakika zaidi, elekeza kiungo kwenye C:\Users\Katibu\Desktop: wimbo utapatikana duniani kote, ilimradi dunia ije ikae kwenye kiti cha katibu.

Ruhusa ya mtunzi usihangaike nayo. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, wana kazi nyingi.

Mtu akipiga simu kwamba hasikii kitu, mwambie aongeze sauti.