Pilipili Mezani, Bia Ipi? Tano Bora za Jikoni Kwetu

Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, nayo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Bia ya kawaida ni maji zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo haizimi moto, inaupooza tu. Tena si kila bia: uchungu, gesi na kileo kingi huuchochea. Haya, tuhesabu tukishuka.

5. Mishkaki na Guinness. Sehemu ya shayiri yake hukaangwa mpaka iwe nyeusi, ndiyo maana inaelewana na nyama iliyobabuka. Ila pilipili iwe ya kunusisha tu. Ukimwaga pilipili kichaa hapa, umeita zimamoto waje na petroli.

4. Dagaa wa Kigoma wa kukaanga, ndimu, pilipili, na bia nyepesi. Bia baridi au moto? Mwenye dagaa hawa mdomoni haulizwi. Baridi!

3. Kitimoto, ndizi za kukaanga na bia ya Kilimanjaro. Utamu wa ndizi unabeba nusu ya mzigo, bia inabeba iliyobaki. Asiyeweka ndizi ajibebee mwenyewe.

2. Kuku wa kupaka. Mafuta ya tui la nazi huyeyusha kapsaisini, kwa hiyo kazi imeshafanyika sufuriani na bia inakuja kama mgeni wa heshima. Wapwani wengi huteremshia kwa dafu, na mezani kwangu dafu linakaribishwa kwa mikono miwili.

1. Mbuzi wa kuchoma, pilipili mbuzi na mbege. Ukoo mmoja huo! Mbege ya Wachaga hupikwa kwa ndizi mbivu, ikatiwa kimea cha ulezi na uchungu kidogo wa gome la msesewe. Ni nzito, ina utamu na uchachu kwa pamoja, na haina gesi kali ya chupa inayochoma ulimi uliokwisha kuungua. Ile pilipili inanukia kama tunda kabla haijang'ata, na harufu hiyo inakutana na ya ndizi. Nimejaribu chupa nyingi na nyama hii, hakuna iliyoikaribia. Inywe ingali changa, maana kesho itakuwa imechachuka na kupanda ukali, na wakali wawili hawakai meza moja.

Kibuyu cha mbege kikikufikia, usikikalie. Jirani yako ameshang'ata mbegu ya pilipili.