Turbo na Mabati ya Mama

Sanduku lilitoka Australia kwa meli, likashuka Dar es Salaam, likapanda treni hadi Kigoma, kisha likavuka Ziwa Tanganyika ndani ya boti ya mbao, limebanwa kati ya magodoro na katoni za sabuni. Baba alilipokea mwenyewe gatini Baraka. Alipolifikisha nyumbani Nundu alilifungulia uani, juu ya mkeka, watoto wa mtaa mzima wakitazama. Ndani mlikuwa na turbo, manifoldi ya chuma, mabomba mawili ya kupinda, paketi ya boliti, na karatasi za maelekezo kwa Kiingereza ambazo zilikwenda moja kwa moja chini ya godoro.

Mama alikizunguka kile chuma, mwiko ungali mkononi.

"Baba Mapasa, hiki kinakula nini?"

"Hakili kitu, Mama Mapasa. Kinaendeshwa na moshi wa gari lenyewe. Moshi ambao tunaumwaga tu barabarani."

Mama aliingia ndani kuyatazama mabati yake. Yalikuwa yamesimama nyuma ya kitanda, yamefunikwa kitenge, mapya, yaliyonunuliwa Uvira machache machache kila ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walipouzika vizuri. Yalikuwa ya nyumba mpya. Sisi tulikuwa tukilala chini ya nyasi zilizooza, na Mama alikuwa ametuahidi kwamba mvua za Septemba hazitatukuta humo. Hesabu zote za mabati hayo ziliandikwa kwenye daftari, na mwandishi wake nilikuwa mimi, kwa sababu Mama alipenda maandishi yangu.

Aliyetuma turbo ni kaka yetu mkubwa. Alivuka ziwa akiwa mgongoni kwa Mama, wakati watu wa Fizi walipokimbilia Tanzania kwa maelfu, akakulia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Baadaye wazazi walirudi Nundu, yeye akapata nafasi ya kuhamia Australia. Kule aliziona Land Cruiser zenye injini ile ile ya pikapu ya Baba, 1HZ, zikivuta mizigo mashambani, nyingi zikiwa zimefungwa turbo. Baba alipomlalamikia kwenye simu kwamba gari linakata tamaa mlimani, kijana alijinyima, akanunua. Lilikuwa tendo la upendo, na naomba lieleweke hivyo katika yote yaliyofuata.

Wala Baba hakulalamika bure. Barabara ya kutoka Uvira inafuata ziwa, Makobola, Nundu, Mboko, hadi Baraka, na taabu yake kubwa ni mashimo na matope. Lakini ukitoka Baraka kwenda Fizi, unapanda. Ziwa lenyewe liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kila ukiongeza mita 1,000 hewa inapungua karibu sehemu moja kwa kumi. Injini ya 1HZ ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, na tangu Toyota waitoe mwaka 1990 haijawahi kufungwa turbo kiwandani. Inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Ndiyo maana inapendwa Afrika nzima: haina makuu, inavumilia, inazeeka taratibu. Ila mlimani, imebeba saruji na chumvi ya kwenda na inangoja mawese na mihogo ya kurudi, hewa ikiwa nyepesi nayo inachoka.

Fundi alitoka Uvira. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa mikono, akasema ni kazi ya siku moja, na kweli ikawa ya siku moja. Aling'oa manifoldi ya zamani, akafunga mpya, akaning'iniza turbo, akatoboa karteri, beseni la oili chini ya injini, apate njia ya kurudisha oili, akaunganisha na mpira mwembamba aliokuwa nao. Mwisho alifungua pampu ya mazutu, yaani dizeli, akakaza skrubu nusu mzunguko. "Motere ikipata hewa nyingi, inataka na mazutu mengi," alisema. Hapo alisema kweli.

Siku ya kwanza Baba alipanda Fizi kwa gia ya tatu, mahali ambapo miaka yote alipanda kwa gia ya kwanza, abiria wakiwa wameshuka na kutembea nyuma. Alirudi amenunua samaki wa mikeke wa kutosha nyumba nzima na majirani. Alituimbia. Sikuwahi kumwona Baba akiwa na furaha namna ile, na mpaka leo nasema kwamba hata baada ya kila kitu, usiku ule ulikuwa na haki yake.

Kisha turbo ikaanza kudai. Ulianza moshi wa rangi ya bluu kila asubuhi. Ndani ya turbo kuna mhimili mmoja wenye gurudumu kila upande: upande huu moshi unalisukuma, upande ule jingine linashindilia hewa kuingia kwenye injini. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usiungue ni utando mwembamba wa oili. Oili inaingia kwa nguvu lakini inatoka kwa uzito wake tu, inadondoka kurudi karteri. Ule mpira mwembamba haukuipa njia ya kutosha. Oili ikajaa, ikatafuta pa kutokea, ikavuja kwenye ekzosi na kuungua. Juu ya hayo Baba alikuwa akinunua oili ya kupimwa kwa lita sokoni, na akifika alizima gari papo hapo kama alivyozoea. Turbo ikiwa bado nyekundu kwa joto, oili iliyobaki ndani inapikwa hadi kuwa masizi magumu. Mabati ya kwanza yaliuzwa kununua oili ya kopo lililofungwa na bomba pana la kurudishia. Nikaandika kwenye daftari: mabati, oili. Mama akaniambia niandike na tarehe.

Maji yalipoanza kuchemka, rejeta iliyotosha miaka yote haikutosha tena. Tukauza mbuzi, tukabakiza mabati. Halafu ikaja klachi.

Hiyo ya klachi ilitokea mbele za watu. Baba alikuwa amepakia ndugu waliokuwa wakipanda Fizi kwenye matanga ya shangazi yake, kina mama wamekaa juu ya magunia ya unga, mvua ilinyesha usiku. Kwenye mwinuko wa matope gari lilisimama, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote mpya, magurudumu yametulia kabisa. Harufu ikajaa. Klachi ilikuwa imetengenezwa kubeba nguvu ya injini isiyo na turbo, ikaletewa nguvu ambayo haikuandaliwa nayo, ikateleza mpaka ikaungua. Waombolezaji walishuka, wakabeba unga vichwani, wakamaliza mlima kwa miguu. Baba alifika matangani amechelewa, viatu vimejaa tope, na wazee hawakumuuliza kitu. Klachi nyingine, ya sahani ngumu zaidi, ilitoka Bujumbura. Nyuma ya kitanda kitenge kilikuwa sasa kinafunika kitu kidogo sana.

Mvua za Septemba zilitukuta kwenye nyasi.

Mwisho kabisa, asubuhi moja, gari lilitoa mvuke mweupe badala ya moshi, na Baba alipochomoa kijiti cha oili, ilikuwa nyeupe. Maji na oili vilikuwa vimekutana. Silinda hedi ilikuwa imepasuka. Baba alikaa kwenye ngazi ya gari hadi adhuhuri. Mama hakumlaumu kwa neno hata moja. Alichukua simu, akampigia kaka yake.

"Yaya, njoo. Njoo na vifaa."

Mjomba alikuwa amezeekea kwenye gereji za mashirika ya misaada huko Uvira, na Land Cruiser ndizo zilizomlelea watoto. Alifika, akanywa chai, akalitazama gari bila kuligusa. Kisha akauliza swali moja:

"Shemeji, geji ya joto la moshi iko wapi?"

"Hakukuwa na geji."

"Basi ulikuwa unaendesha umefumba macho. Umeleta bibi arusi kabla ya kujenga nyumba ya kumweka."

Akaomba zile karatasi za Kiingereza. Mama alizitoa chini ya godoro. Mjomba hakukijua Kiingereza vizuri lakini namba alizijua, na jioni ile alitufundisha sote, hata mapacha waliowapa wazazi jina la Mapasa, kwa sababu alisema gari la nyumba ni la nyumba. Alituonyesha kwamba ndani ya 1HZ hewa hubanwa mara 22 na zaidi kabla mazutu hayajawaka. Toyota wenyewe walipotaka injini ya ukoo huo yenye turbo, ile 1HD-T, walishusha mbano huo chini ya 19 na kubadili namna ya kunyunyiza mazutu. Hawakuning'iniza turbo tu. Kwenye 1HZ mazutu huanza kuwaka katika vijumba vidogo ndani ya silinda hedi, na joto likizidi, nyufa huanzia hapo hapo, kati ya vijumba na valvu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

"Pistoni ni aluminiamu," alisema, "na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Inaokolewa na oili na maji yanayoondoa joto haraka. Moshi ukivuka 700 kabla ya turbo na ukaendelea hivyo mlima mzima, unaiua motere na wewe unaimba."

Nikamuuliza joto lote hilo linatoka wapi, ikiwa tulichoongeza ni hewa tu. Alilipenda swali. Alichukua pampu ya baiskeli ya jirani, akaziba tundu kwa kidole, akapampu, akaniambia nishike chini. Ilikuwa ya moto. Hewa ya kawaida yenye nyuzi 30, ikishindiliwa na turbo kwa nguvu kama tuliyokuwa tumeiweka, inaweza kuingia kwenye injini ikiwa inakaribia nyuzi 100. Ndiyo maana wenye uwezo huweka rejeta ya hewa katikati, ipoe kwanza. Na ile skrubu ya pampu, aliyoikaza fundi, ilitia mazutu mengi wakati wote, hata kabla turbo haijaanza kusukuma. Mazutu yasiyopata hewa huwa moshi mweusi na joto. Ekzosi nayo ilikuwa ile ile nyembamba, moshi unabanwa kutoka, joto linarudi ndani. Kila kimoja kilikuwa kinamwongezea mwenzake.

Alitueleza pia kuhusu Mswisi Alfred Büchi, aliyeiandikisha hati miliki ya wazo hili la turbo mwaka 1905, na kwamba ni katika miaka ya 1920 ndipo meli zilipoanza kunufaika nalo. Baba alilikamata hilo kama dawa. Kama mwenye wazo alihitaji miaka yote hiyo, alisema, mtu wa Nundu ana ruhusa ya kuhitaji mwaka.

Tulijenga upya kwa utaratibu wa Mjomba, na aliyeusimamia ni Mama. Kwanza geji: kaka aliituma, akalia kwenye simu, Mama akamkataza kulia. Silinda hedi tuliipata iliyotumika lakini nzima, Mjomba akaipima kwa rula ya chuma kuona kama imepinda. Ekzosi ya inchi tatu ilichomelewa na vijana wa Baraka kutokana na bomba la chuma. Skrubu ya pampu ilirudishwa nyuma. Likabaki swali la rejeta ya hewa. Baba aliitaka. Mjomba alisema ikiwa turbo itapunguzwa isisukume hewa kwa shinikizo zaidi ya nusu ba, na dereva akatii geji, gari litaishi bila hiyo. Ikiwa Baba anataka nguvu ya siku ile ya kwanza, hakuna njia ya kuikwepa. Mama akaniambia nisome daftari kwa sauti, kuanzia bati la kwanza. Nilisoma. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Nusu inatosha," alisema.

Sasa anapanda Fizi kwa gia ya pili. Abiria hawashuki. Anaacha injini ingurume taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuizima, na wanaomngoja wamezoea. Breki tulibadilisha mwaka uliofuata, na huko kulikuwa kuchelewa, kwa maana gari linalopanda haraka na mzigo ndilo hilo hilo linaloshuka nao. Geji imefungwa upande wa abiria, kwa sababu Mama ndiye aliyeinunulia nafasi. Sindano ikigusa 600 anasema, "Baba Mapasa," na Baba anainua mguu.

Mabati yaliyobaki yalitosha jiko na chumba cha mapacha. Mengine yananunuliwa tena Uvira, na safari hii ni gari linaloyalipia.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa Mboko, mwenye pikapu kama yetu. Alikuwa amesikia. Alitaka kujua bei ya turbo na namna ya kuiagiza. Baba alikuwa amekwisha kumvutia kiti, lakini Mama akatoka na daftari.

"Umekuja peke yako?" alimuuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Rudi nyumbani, baba yangu. Njoo na mke wako, tuongee wote wanne."

Walikuja Jumapili baada ya misa. Wako kwenye ukurasa wa rejeta.