Barua ya Wazi kwa Wizara ya Makoloni ya Uingereza

Kwa Waziri wa Makoloni, London

YAH: SAA YA MJI WA VICTORIA, USHELISHELI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Inafahamika kwamba wizara hiyo ilivunjwa mwaka 1966, lakini mali ilizoziacha bado zinadai maelezo, mojawapo ikiwa mnara wa chuma kilichosubiwa, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, uliosimama kwenye njia panda ya mji wa bandari wa Victoria, ambako wenyeji huuita Lorloz. Uliwekwa mwaka 1903 kumkumbuka Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901 bila kuwahi kuvikanyaga visiwa vya Ushelisheli.

Wizara yastahili pongezi kwa kubana matumizi, kwani mnara wenyewe ni nakala ya ule wa London ulio karibu na stesheni yenye jina hilohilo la malkia. Pongezi za pili ni za kengele. Husimuliwa kwamba pendulamu, ule uzito unaoning'inia na kubembea ndani ya saa, ilitumbukia baharini mizigo ilipokuwa ikipakuliwa, na dola iliyojigamba kwamba jua halizami katika himaya yake ikashindwa kuagiza kipuri kimoja, hata saa ikakaa karibu karne nzima bila kugonga.

Huenda kimya hicho kilikuwa adabu tu kwa wageni wa serikali. Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, aliyehamishiwa visiwani humo kwa kosa la kupigana na waliomvamia, alifia huko mwaka huohuo wa 1903. Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, alizuiliwa humo hadi 1923, akafia Jinja njiani akirudi kwao. Prempeh I, mfalme wa Waasante, alikaa tangu 1900 hadi 1924. Hakuna mahakama iliyowahukumu wala kuwapangia muda, na ingekuwa ufidhuli mkubwa kumgongea kengele kila saa mtu asiyeambiwa atatoka lini.

Kwa hiyo Wizara, au warithi wake, inaombwa itume mzamiaji aiopoe pendulamu hiyo kwa gharama zake, kisha ibandike chini ya mnara kibao chenye majina ya watawala hao na miaka waliyozuiliwa, kwa kuwa wao, tofauti na malkia, walifika.

Nakala: Mengo, Hoima, Kumasi (makao ya falme hizo tatu).