Mtambazi Asiye na Kibali

Kwa kazi yangu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, nimekomboa mizigo mingi iliyokwama mpakani. Shaba inayoshuka Dar es Salaam, mafuta yanayopanda Zambia, hata gari lililokuwa na injini ya gari jingine kwenye karatasi. Mzigo mmoja tu umenishinda. Uko nyumbani kwangu Mpemba, umeegemea ukuta, una maua ya zambarau na hauna karatasi hata moja.

Wataalamu wa mimea huuita Ipomoea cairica. Ni ndugu wa kiazi kitamu, lakini kwangu umeleta majani na maua tu. Jani lake limechanika vipande vitano, na kila pingili ya shina ikigusa udongo inatoa mizizi na kuanza maisha yake bila kumuaga mama. Kwa Kiingereza umepewa jina la reli kwa jinsi unavyopenda matuta ya njia za treni. Shangazi yangu hakuwa na habari za Kiingereza. Yeye aliuona kando ya reli ya TAZARA, akaupenda, akavunja kipande na kuniletea kwenye kopo la rangi.

“Mwanangu, ukuta wako uko uchi,” akasema.

Shangazi akishasema ukuta uko uchi, unavishwa. Hakuna rufaa.

Huku Songwe tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuisha kama Aprili. Kabla msimu ule haujaisha ukuta ulikuwa umevaa mpaka kofia. Mmea ukahamia kwenye kamba ya kuanikia nguo, ukateremka kwenye mgomba, ukapanda nguzo ya tangi la maji, na kutoka pale ukaliona dishi la televisheni. Siku ya mechi ya Simba na Yanga sebule ilijaa majirani, wengine wamekalia ndoo. Mshambuliaji akaingia ndani ya boksi, akanyanyua mguu, na mguu ukabaki hewani. Picha imeganda. Kelele za goli tukazisikia kutoka nyumba ya pili. Wageni wakaniangalia kwa huruma, wakaambiana kwa sauti ya kunifichia aibu kwamba maisha magumu, king'amuzi nacho kinataka kulipiwa. Nilikuwa nimelipia! Mtoto alipopanda juu alikuta tawi limezunguka kichwa cha dishi na limetoa ua katikati.

Nikatafuta kijana wa kibarua. Tulipatana nimlipe kwa kila lundo, naye hakuwa mjinga: aliukatakata vipande vifupi vifupi ili malundo yaumuke, akayapanga kwa ustadi karibu na mgomba, akachukua haki yake na kuondoka. Usiku mvua ikanyesha. Wiki iliyofuata kila kipande chenye pingili kilikuwa kimeshika ardhi. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimelipia kitalu.

Baba Fred, jirani yangu, akasema hiyo kazi ya mbuzi, akanikopesha wawili. Mbuzi wa Baba Fred wana elimu. Walipita katikati ya yale majani ya bure bila kuyatazama, wakamaliza tuta la chainizi, wakahamia kwenye figiri, kisha mmoja akapanda barazani nilikokuwa nimeweka ankara na orodha ya mizigo ya mteja ambaye dereva wake alikuwa kwenye foleni ya malori. Akala kurasa za katikati, zenye mihuri. Jaribu wewe kumpigia simu mwenye mzigo aliyeko Lubumbashi umweleze kwamba lori lake halitavuka leo kwa sababu ya mbuzi. Nilisema mtandao uko chini.

Dawa ya magugu niliiulizia duka la pembejeo. Muuzaji akanieleza kwamba inataka majani makavu na saa kadhaa bila mvua. Mwezi Januari hapa! Nilimshukuru nikaenda zangu.

Basi nikaamua, kama kuuondoa kumeshindikana, angalau nijue wa kumlaumu. Nilikuwa na matumaini makubwa na wakoloni. Hawa wana rekodi. Mvuti, ule unaofunga mashamba na kudhuru ng'ombe, uliletwa kutoka Amerika kama ua la kupamba. Kule Amani, Usambara, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902, wakapanda miti na mimea ya dunia nzima, na baadhi ikaruka ua ikaingia msituni hadi leo. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo kwao ni Amerika Kusini, na lilianza safari kwa uzuri wa ua lake. Nikafungua habari za mmea wangu nikiwa tayari kwa hasira. Kumbe asili yake ni Afrika na Asia. Miongoni mwa wanaoulilia kama mvamizi ni Waaustralia. Yaani mimi ndiye niliyejenga kwake.

Lakini kwa upande wa Mama Fred hoja ya uenyeji haikusaidia. Mmea ulivuka ukuta, ukalala juu ya banda lake la kuku. Akaleta mwenyekiti wa mtaa. Mimi nikatetea kwamba mizizi iko kwangu lakini maua yote yako kwake, kwa hiyo faida anaipata yeye. Mwenyekiti akasikiliza pande zote, akazunguka ukuta mara mbili mikono nyuma, akauliza kama huwa unahitaji maji mengi. Aliondoka na kipande. Alisema ni kielelezo.

Aliyenifundisha kuuondoa ni bwana shamba mmoja mstaafu anayekaa njia ya Chapwa. “Usikate, kunja,” alisema. Subiri kiangazi, mwezi wa saba hivi, anzia kwenye ncha za matawi, uukunje kama mkeka kuelekea shinani huku uking'oa kila pingili iliyoshika. Shina lichimbwe mpaka mwisho. Na matawi yasiguse udongo: yaanikwe juu ya bati hadi yavunjike mkononi, ndipo yachomwe. Mvua za kwanza zikija, zunguka tena, maana yapo yatakayofufuka.

Niliukunja kweli. Bati sikuwa nalo la kutosha, nikakodi kirikuu kikamwage mbali. Dereva hakufunga turubai. Leo ukitoka barabara kuu kuja kwangu huna haja ya kuuliza njia, fuata maua. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wameuelekeza juu ya kibanda chao na wananishukuru kwa kivuli.

Mke wangu, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, ameanza kuotesha vipande kwenye makopo na kuuza getini. Juzi amekuja mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anataka makopo kumi, kwacha mkononi. Nikamwelezea kwa heshima ya kazi yangu: kuvusha mimea kunahitaji kibali cha kuingiza kutoka Zambia na cheti cha afya ya mimea kutoka kwetu, na bila hivyo atakaguliwa na kurudishwa. Akanisikiliza hadi mwisho, akatazama ukuta wangu, halafu akauliza:

“Sasa baba, huu ukitambaa wenyewe mpaka kwetu, mtamdai nani?”