Jenereta Inanguruma, Betri Inakufa

Mtu aliyepitia mgao wa umeme wa 2006 humwambii kitu kuhusu jenereta. Anaijua kwa mlio, anaijua kwa moshi, na ya saluni ya mtaa wa pili ikizimwa usiku yeye ndiye wa kwanza kusema, "Haya, umeme umerudi." Kwa hiyo shemeji yangu aliponunua gari-nyumba kuukuu huko Phoenix, Arizona, hakuna aliyeona haja ya kusoma kitabu cha maelekezo. Kitabu kilikuwepo, kinene, kwenye droo ya vijiko. Tulikitumia kuzuia mlango wa choo usijipigize njiani.

Gari-nyumba ni gari kweli na ni nyumba kweli: vitanda, jiko la gesi, friji, bafu la kuogea ukiwa umejibana, na chini ya sakafu jenereta yake ya wati 4000 inayonyonya mafuta kwenye tangi lilelile la injini. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga na alitaka kuona Grand Canyon. Shemeji akasema hoteli za nini, twende na nyumba yetu. Ilikuwa Novemba. Kambi ya Mather, upande wa kusini wa bonde, iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, haina soketi za umeme kwa magari ya kulala, na jenereta huruhusiwa kunguruma kwa saa chache tu kwa siku. Tuliambiwa yote hayo mlangoni. Shemeji akaitikia kwa tabasamu la mtu anayefundishwa kuchemsha maji.

Usiku wa kwanza barafu iliganda kwenye kioo cha mbele. Hita ikawaka vizuri, tukalala. Saa tisa usiku feni yake ikaanza kulegea, ikatoa mlio wa kukata tamaa, ikanyamaza. Hita ile inatumia gesi, na mtungi ulikuwa umejaa. Lakini feni inayosukuma joto inakula umeme wa betri, na feni isipozunguka hita nayo inakataa kuwaka kwa usalama wako. Friji nayo ni ya gesi, ila ubongo wake ni wa betri. Pampu ya maji, betri. Na kile kidude cha kunusa gesi na hewa ya sumu, betri ikishuka, kinalia *pii*, kinakaa kimya mpaka upate lepe la usingizi, kinalia tena *pii*.

Mama alikuwa amejifunga khanga tatu, kitenge kimoja, na blanketi la mjukuu. Akasema gizani, bila kumlenga mtu, "Nyumba hii ina gesi, ina maji, ina vitanda, ina jenereta. Haina mwenyewe tu."

Asubuhi tukaisubiri saa ya ruhusa, tukaenda kuwasha. Hapo ndipo tulipogundua kwamba jenereta inayotakiwa kuchaji betri hupigwa stata na betri hizohizo. Aliyebuni mpango huo bila shaka amewahi kufanya kazi benki, kwenye dirisha la mikopo. Kuna dawa yake: kwenye dashibodi, kando ya usukani, kuna kitufe kinachoazima moto kutoka betri ya injini. Ila lazima mtu akishikilie muda wote, na swichi ya kuwashia jenereta iko nyuma, karibu na kitanda. Mke wangu akaenda nyuma, shemeji akakaa mbele, katikati nikasimama mimi kupokezana maneno.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Wewe au yeye?"

"Shem, mwambie aachie!"

"Nani aachie?"

Kambi nzima ilikuwa imelala. Wazungu wa kambini wanaongea kwa kunong'ona hata wakigongwa kidole na nyundo. Jirani, babu mmoja mstaafu mwenye kofia ya sufu, akatokeza kichwa mlangoni kwake akatutazama, kisha akarudi ndani.

Jenereta ikawaka, na nyuso zikakunjuka. Maikrowevu ikapasha chapati, televisheni ikaonyesha mvua ya chenga, watoto wakachaji simu. Tukaiacha ingurume mpaka dakika ya mwisho ya ruhusa, tukazima, nikawasha taa ya juu ya sinki. Ikatoa mwanga wa kibatari kinachoishiwa mafuta.

Hapa nieleze jambo ambalo sisi watoto wa mgao ndilo linalotuponza. Kwetu jenereta ni umeme wenyewe: ikinguruma, kazi inafanyika. Kwenye gari-nyumba la namna ile, jenereta inatoa volti 120 tu, umeme wa soketi za Marekani, na kazi yake inaishia hapo. Betri ni volti 12 na haina habari nayo. Katikati kuna kisanduku, wenyewe wanakiita konveta, ndicho kinachougeuza umeme wa soketi kuwa wa betri na kuchaji. Kisanduku kikilala, au njia yake ikikatika, maikrowevu itazunguka, televisheni itaongea, na betri itaendelea kufa taratibu huku ukifurahia kelele.

Siku nzima ikaenda kwenye nadharia. Shemeji alishikilia kwamba ni hewa nyembamba ya mlimani. Ni kweli injini hupungua nguvu kule juu, na alilieleza jambo hilo kwa ufasaha uliotutia aibu ya kumpinga, ila hakueleza kwa nini hewa nyembamba ipashe chapati na ikatae kuchaji betri. Mke wangu alisema kaka yake ameuziwa betri mbovu. Mimi nilikuwa upande wa mke wangu, kwa sababu za kiufundi na nyinginezo.

Saa nne usiku wa pili, saa mbili asubuhi kwa Dar es Salaam, shemeji akampigia video fundi wake wa Gerezani. Fundi alikuwa ndani ya ovaroli, kikombe cha chai mkononi, nyuma yake mtu anagonga bati. Akaonyeshwa betri kwa tochi ya simu.

"Maji ya betri yapo?"

"Hizi za kufungwa, fundi. Hazina vifuniko."

"Vichwa vimekaza?"

"Vimekaza."

"Mmepima?"

Shemeji akageuza simu kidogo ili asionekane. Humo ndani mlikuwa na viti sita vya kukunja, sufuria ya pilau ya watu ishirini, mbuzi ya kukunia nazi na mpira wa miguu. Multimita haikuwemo.

"Kapimeni kwanza," fundi akasema, akakata simu akanywe chai yake.

Asubuhi Mama ndiye aliyekwenda kwa babu jirani. Kiingereza chake ni cha salamu na bei, lakini alibeba sahani ya chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, na babu akaja nyuma yake na sanduku la vifaa. Hakuuliza stori. Alitaka namba. Jenereta ikiwa imezimwa akagusisha nyaya za mita kwenye vichwa vya betri: 11.7. Betri iliyojaa ikitulia inasoma kama 12.6, na 12.2 maana yake iko nusu, kwa hiyo 11.7 ni mgonjwa wa kukimbizwa. Tukaigiza tena ule mchezo wetu wa bonyeza-nimebonyeza, jenereta ikanguruma, akapima palepale. Ikasoma 11.7. Haikupanda hata nukta. Babu akatingisha kichwa kama aliyepata jibu zuri.

Akaomba aonyeshwe konveta. Hakuna aliyejua ilipo. Tulifungua kila kilichofunguka, mpaka ikapatikana nyuma ya ubao chini ya kabati la nguo, ina joto na feni yake ndogo inazunguka. Akapima kwenye mdomo wake: 13.6. Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi muda wote, inachemsha chaji safi isiyofika popote. Ubavuni mwake kulikuwa na fyuzi mbili za ampea 30, kama za gari, za kijani. Akazichomoa akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Ule uzi wa ndani ulikuwa umekatika kwenye zote mbili, na plastiki imeingia weusi.

Babu akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyefunga betri kinyumenyume, kwa sababu fyuzi zile kazi yake ni hiyo tu: mtu akigeuza chanya na hasi, zinakufa zenyewe ili konveta isife.

Nilimtafsiria Mama. Mama akamtazama mwanawe.

"Ilikuwa cheche moja tu," shemeji akasema. "Ndogo. Nikageuza hapohapo."

Kumtetea kidogo, mtego ni wa kweli. Kwenye gari la kawaida waya mweusi ni hasi, hata mtoto wa gereji anajua. Lakini gari-nyumba nyingi za Marekani, kwenye nyaya za volti 12 za upande wa nyumba, huwa na mweupe kuwa hasi na mweusi kuwa chanya. Shemeji alipobadilisha betri Phoenix alifuata rangi aliyoizoea. Na njiani hatukuona dalili kwa sababu altaneta ya injini huchaji betri za nyumba kwa njia yake nyingine. Tulifika tumejaa moto. Ugonjwa ulianza tulipoegesha.

Babu alikuwa na fyuzi za akiba ndani ya kichupa cha vidonge. Akachomeka ya kwanza, akachomeka ya pili, na mita, ambayo nilikuwa nimeikodolea macho, ikasoma 13.1, ikasogea 13.2, ikaendelea kujikongoja kupanda. Feni ya hita ikaamka. Kidude cha gesi kikanyamaza.

Mama akauliza zile fyuzi zinauzwa bei gani. Nikamwambia zote mbili hazizidi bei ya soda. Akatulia, akahesabu hoteli tuliyoikataa, akahesabu khanga alizojifunga, kisha akachukua simu akawatumia ndugu wa Tanga ujumbe wa sauti. Alisema Marekani ni kuzuri, bonde ni kubwa kupita maelezo, na kwamba mwanawe amemnunulia nyumba. Akakohoa kidogo, akaongeza kwamba wasije wakaitamani.

Shemeji tayari alikuwa hewani na Gerezani, anamweleza fundi mambo ya hewa nyembamba.