Mheshimiwa Selotepu

Wenye magari hammtendei haki. Vijana wa kamati ya harusi wakishalifunga gari la mjomba riboni na maua, humalizia utani wao kwa kulibandika makaratasi kuanzia boneti hadi buti. Kesho yake mjomba hana mwingine wa kumlaani ila selotepu: eti amemharibia rangi. Mimi leo nasimama upande wa mshtakiwa.

Tuanze na ukoo. Tepu ya karatasi, ile ambayo mafundi rangi huzibia vioo na taa, ilibuniwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M, kule Minnesota, Marekani. Siku hizo magari ya rangi mbili yalikuwa ndiyo fasheni, na kila fundi alipobandua vizibo vyake, gundi iliondoka na rangi aliyotoka kuipiga. Miaka mitano baadaye Drew huyohuyo akatoa selotepu ya selofani. Kwa hiyo huyu mnayemwita adui wa rangi, kaka yake alizaliwa kwa ajili ya kuilinda.

Sasa tabia. Selotepu hajui kuficha siri. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, na ingawa matabaka yake yote hayazidi sana unene wa nywele mbili zilizolaliana, imeshika bati kwelikweli. Bandika asubuhi, bandua jioni, kwa kawaida hutaona kitu. Lakini mlete kwenye gari lililogongwa, likanyooshwa, likajazwa puti, likapigwa rangi haraka chini ya mwembe. Hapo atabanduka na kipande cha rangi kama kiganja, puti ikuchekee. Muuzaji aliapa kwamba gari halijawahi kuguswa. Nani kakwambia kweli?

Wenye viwanda wanamheshimu kuliko ninyi. Katika kipimo kiitwacho ISO 2409, rangi huchanjwa miraba midogo kwa wembe, tepu ikabandikwa juu na kubanduliwa, kisha zikatolewa alama: 0 ni safi, 5 ni aibu.

Sikatai, jua humpotosha. Akiachwa siku kadhaa kwenye joto, gundi hulainika, halafu hukauka na kugandamana na rangi, na anaweza kuondoka akiacha alama. Lakini nani alimwacha? Si ninyi mliozunguka na riboni wiki nzima ili majirani waone? Kisha mkamwendea kwa kisu na stili waya, na mliposhindwa mkaita thina, ambaye akiikuta rangi ya gereji huondoka nayo. Maji ya uvuguvugu, mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa laini na subira vingemaliza kazi. Lakini subira haiuzwi duka la spea.

Nina ndugu yake mmoja nisiyemtetea: supagluu. Harry Coover wa Kodak alikutana naye mwaka 1942 akamkataa, kwa kuwa alinata kila alipogusa. Mtani anayemmwaga kwenye mlango wa gari, asetoni atamtoa, ndiyo, ila anaweza kutoka pamoja na rangi. Kesi hiyo atafute wakili mwingine.

Ukienda kununua gari, chukua roli moja mfukoni. Mwombe muuzaji ubandike kipande kwenye mlango wa nyuma. Akianza kukuuliza kwa nini, mrudishie funguo zake.