Tuma na ya Kutolea: Mwongozo kwa Waliotalikiana

Hongereni. Baraza la usuluhishi limewasikiliza, limeshindwa, na limewapa cheti cha kushindwa kwake kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka. Mahakama imemalizia kilichobaki. Kabati limeondoka, friji limeondoka, kiwanja cha Chanika bado kina kesi. Mmebakiwa na mtoto wa darasa la tatu, naye hagawanyiki. Msihuzunike. Ndoa imevunjwa na hakimu, lakini kwa mfagio mmoja wa shule mnaweza kuiendeleza mpaka mtoto amalize chuo.

Anzeni na sheria, kila mtu achague ya kwake. Baba asome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayowabebesha matunzo wazazi wote wawili. Mama asome ile ya 1971, kifungu cha 129, kinachomtaka baba agharamie malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake na hadhi yake. Zote zinatumika hadi leo, kwa hiyo hakuna atakayekosa kifungu cha kumrushia mwenzake.

Hapo penye uwezo na hadhi ndipo pa kupigania. Tarehe ya kutoa matumizi, uwezo wa baba ni ule uliobaki baada ya makato, mkopo wa benki na msiba wa kijijini. Ijumaa usiku, kwenye picha alizoweka WhatsApp, uwezo huohuo ni mbuzi mzima mezani na chupa zimemzunguka. Mama mwenye subira haandiki chochote chini ya picha hiyo. Anaihifadhi, pamoja na tarehe.

Baba asijitete kwa sheria za zamani. Ilikuwepo moja ya tangu enzi za mkoloni, kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambayo baba akishabanwa kabisa alitozwa isiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Ilikaa vitabuni mpaka mia ikawa hela ya pipi, ndipo hii ya 2009 ikaifuta. Wapo akina baba ambao taarifa hiyo bado haijawafikia.

Sasa tuje kwenye hela yenyewe. Mama akiomba elfu hamsini ya viatu na sweta, baba atume elfu hamsini kamili, asiongeze hata mia. Jibu litakuja ndani ya dakika mbili: “Mbona hujaweka ya kutolea?” Baba asijibu upesi. Aache tiki ziwe za bluu, anywe chai, kisha aandike: “Kwani viatu vinauzwa na wakala?” Mama naye asitoe hela hata kama muuza viatu amesimama mlangoni. Ikae kwenye simu siku tatu ili mtoto aende shule na raba, mwalimu amrudishe, na picha ya mtoto aliyerudishwa itumwe kwa shangazi zake wote wa upande wa baba. Shangazi mkubwa atapiga simu. Baba atasema hela ametuma, mama atasema haijakamilika, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kufikia hapo vifurushi vilivyoteketea vitakuwa vimeshapita ile ya kutolea. Julai 2021, serikali ilipoleta tozo ya miamala ya simu, watalaka walineemeka kweli, maana hata aliyekuwa na nia ya kutuma alipata sababu ya kitaifa ya kuchelewa.

Baba ambaye hana shida ya kutuma ana shida ya kuamini. Moyoni anajua hela ya mtoto imesukia rasta. Huyu adai risiti, tena si ya ada tu, maana ada inalipwa benki na haina utamu. Adai risiti ya EFD ya mchicha. Mama amjibu kwa kumwalika aje Mabibo sokoni saa kumi na moja alfajiri aichukue mwenyewe. Akija kweli, na wapo wanaokwenda, atakuta fungu limepanda bei, atanunua mawili kwa aibu, na mwezi huo kutakuwa na utulivu usio wa kawaida. Msiuzoee.

Shule ndiyo mgodi wenyewe. Waraka wa elimu bila ada ulitoka mwaka 2015, ukaanza kutumika Januari 2016, na tangu hapo baba ana sentensi moja tu: “Elimu ni bure.” Mama asibishane naye. Ampelekee karatasi ya mahitaji: rimu ya karatasi, mfagio wa chelewa, mfagio wa ndani, ndoo yenye mfuniko, dawa ya chooni, kaunta buku, hela ya uji, hela ya tuisheni. Baba aisome kwa kalamu nyekundu mkononi. Atanunua mfagio wa chelewa, wa ndani auone ni anasa. Kuhusu ndoo atauliza, kwa haki kabisa, ya mwaka jana iko wapi. Ya mwaka jana inaogea mdogo wake mtoto, wa baba mwingine. Hapo mwongozo huu unawaachia uwanja.

Kama mtoto yuko ingilishi midiamu, ugomvi unakuja ukiwa umeshachemshwa, kwa sababu mmoja wenu alimwandikisha bila kumuuliza mwenzake na sasa anataka nusu ya basi la shule. Mahafali ya chekechea mliyamudu vizuri sana: joho lilikodiwa, mpiga picha alikuja, kila mmoja alitaka kukaa katikati kwenye picha, na deni la joho hadi leo halina mwenyewe.

Bima ya mtoto msiikate. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzima na akina baba wengi walikuwa wakiilipa mwezi ujao. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja uliposimamishwa na watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule zao, akina baba hao walipumua: unaona, hata ningelipa!

Mtoto mwenyewe mmpe kazi. Ndiye tarishi, na nauli yake ni nafuu: “Mwambie baba yako daftari la Hisabati limeisha.” “Mwambie mama yako nimesikia.” Akienda kwa baba wikiendi avae sare iliyombana; nguo nzuri zibaki, zisije zikapigiwa picha kule. Akirudi, viatu alivyonunuliwa na baba vivuliwe kulekule mlangoni kwa baba, kwa sababu vya kule ni vya kule. Mtoto wa namna hii hakui mjinga. Shule ikitangaza safari ya Bagamoyo ataomba hela kwenu wote wawili, kila mmoja atalipa yote kwa siri ili amkomoe mwenzake, na habari hizo mtazipata siku mtakayokuwa mnasemeshana.

Mambo yakishindikana, ipo Ustawi wa Jamii. Aprili 2018, Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita ofisini kwake wanawake waliotelekezewa watoto. Walijaa na watoto mgongoni, na baadhi ya wanaume mjini wakazima simu. Siku za kawaida kule Ustawi hakuna kamera kama za siku ile. Kuna benchi, feni na afisa mwenye faili lenu, ambaye atasikiliza habari za ya kutolea, rasta, mbuzi na ndoo bila kuandika hata mstari. Kisha atauliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Jibu haraka kabla ya mwenzako. Mkitaja namba mbili tofauti usirudi nyuma: sema yako ni ya kiatu cha shule, yake ni ya kandambili, na omba tarehe nyingine.